Elimu ya Kiu: Kumfundisha Mtoto Jinsi Wanyama wa Nchi Kavu Waishivyo

Mzazi ndiye mwalimu wa kwanza, na nyumba ndiyo darasa la kwanza. Maneno haya hurudiwa mara nyingi, lakini aghalabu huchukuliwa kuwa yahusu adabu na ibada peke yake, kana kwamba habari za viumbe, mvua na udongo ni kazi ya mwalimu wa shule tu. Sisi twaona si hivyo. Mtoto huuliza kabla hajajua kuandika. Aulizapo kwa nini ngamia aweza kukaa siku nyingi bila ya kunywa, au kwa nini mbuzi huhema juani, hutaka jibu wakati ule ule. Na jibu apewalo nyumbani hukaa kichwani mwake kuliko lile atakalolisoma miaka kumi baadaye. Likiwa la kweli litamfaa. Likiwa la uongo litampotosha yeye, na huenda likamtesa mnyama atakayekuwa chini ya mkono wake.

Kwa hiyo mwezi huu tumependa kuwaletea wasomaji wetu somo ambalo baba au mama aweza kulifundisha nyumbani bila ya kitabu na bila ya gharama: jinsi wanyama wa nchi kavu wanavyoishi mahali penye maji haba. Tumelipanga kwa ajili ya nyumba za Ngaramtoni na vijiji vya jirani, lakini mzazi wa mahali popote aweza kulifuata kwa kubadili mifano michache.

Kwa nini Ngaramtoni? Kwa sababu ni mji uliokaa mpakani mwa nchi mbili, nchi ya maji na nchi ya kiu. Uko magharibi ya Arusha, kwenye njia kuu iendayo Namanga, chini ya Mlima Meru. Jina lenyewe limebeba neno la Kimasai engare, yaani maji, kama lilivyo katika jina la Ngarenanyuki upande wa pili wa mlima, ambalo maana yake ni maji mekundu. Hapo mjini na juu yake kuna migomba, kahawa, mahindi na maharage. Lakini msafiri aelekeaye Namanga hamalizi saa moja ndani ya gari ila ataona migomba imekwisha, mashamba yamepungua, na mahali pake pameshikwa na migunga, nyasi fupi na vumbi. Akipita Oldonyo Sambu na kufika Longido, amekwisha ingia katika nchi nyingine. Mtoto wa Ngaramtoni, basi, ana bahati ambayo watoto wengi hawana: aweza kuiona tofauti hiyo kwa siku moja, kwa macho yake mwenyewe.

Sababu ya tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa somo letu. Mlima Meru una kimo cha meta 4,566. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mlima kwa upande wa kusini na mashariki. Zipandapo hupoa, zipoapo, mvuke uliomo hugeuka mawingu, na mawingu huleta mvua. Zikishavuka upande wa pili, sehemu kubwa ya maji yake zimekwisha yaacha nyuma. Na zishukapo hupata joto na kuzidi kukauka. Ndiyo maana miteremko ya kusini hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, hali nyanda za Longido aghalabu hazifikii milimita 500. Mzazi aweza kulionyesha jambo hili kwa kitambaa kilicholowa. Mwambie mtoto akikamue juu ya beseni, kisha akibebe hadi upande wa pili wa meza na kujaribu kukikamua tena. Matone mawili matatu atakayoyapata huko ndiyo mvua ya Longido.

Yafaa pia kumwambia mtoto ukweli kwamba nchi hiyo haijawa jangwa. Ni nyika kavu. Atakaye kuliona jangwa lenyewe katika Afrika ya Mashariki na aende Chalbi, katika Marsabit, kaskazini ya Kenya. Lakini sheria ya kiu ni moja, na wanyama wa nyika yetu hufuata njia zile zile wazifuatazo wanyama wa majangwa makubwa.

SOMO LA KWANZA: MILANGO MINNE YA MAJI

Kabla ya kumtaja mnyama yeyote, mtoto ajue kwanza maji hutoka wapi katika mwili. Mwili ni kama mtungi wenye milango minne: jasho, pumzi, mkojo na kinyesi. Maji huingia kwa kunywa na kwa kula, na hutoka kwa milango hiyo. Anayetaka kuishi penye maji haba hana budi kuifunga milango hiyo kadiri awezavyo.

Jasho mtoto analijua, na mkojo na kinyesi kadhalika. Pumzi ndiyo asiyoijua kuwa ni maji. Hapo baridi ya Ngaramtoni yatusaidia. Asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai, mtoto aendapo shule, apumue kwa nguvu na kuutazama mvuke utokao kinywani mwake. Siku zisizo na baridi na apumulie kioo. Ukungu ule ni maji yaliyotoka ndani ya kifua chake, na hutoka usiku na mchana, hata alalapo.

Kisha alowe mgongo wa mkono wake kwa maji na kuupulizia. Ataona baridi. Mweleze kwamba maji yageukapo kuwa mvuke huchukua joto na kwenda nalo; kwa sababu hiyo mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa, na kwa sababu hiyo jasho hutupoza sisi. Mbwa na mbuzi hufanya kazi hiyo hiyo kwa kuhema.

Mtoto akishalifahamu jambo hili, muulize swali hili na umwache afikiri: ikiwa mwili hupozwa kwa kutoa maji, na jua la nyikani ni kali, na maji hakuna, mnyama afanyeje? Akitoa jasho atakufa kwa kiu. Asipotoa atakufa kwa joto. Hili ndilo fumbo la nyika, na kila mnyama aishiye huko ni jibu mojawapo la fumbo hilo.

SOMO LA PILI: NGAMIA NA UONGO WA NUNDU

Watoto wetu wasomao chuoni wamekwisha msikia ngamia akitajwa katika Sura ya Al-Ghashiya kuwa ni kiumbe anayestahili kutazamwa na kufikiriwa. Siku hizi hawahitaji kwenda Arabuni kumtazama. Baadhi ya wafugaji wa Kimasai wa Longido, na wa Mkuru iliyo kaskazini ya Mlima Meru, wameanza kufuga ngamia katika miongo hii ya karibuni, baada ya kuona ng'ombe wao wakishindwa na ukame.

Lakini kumtazama bila ya maarifa hakutoshi. Uongo mkubwa kuliko wote uliomo katika elimu ya wanyama ni ule usemao kwamba nundu ya ngamia ni tangi la maji. Wazazi wengi huwaambia watoto hivyo kwa nia njema. Mazungumzo na yawe namna hii:

"Mama, nundu ya ngamia huingia maji debe ngapi?"

"Haina maji hata kikombe, mwanangu. Imejaa mafuta."

"Basi hupata wapi maji?"

"Hunywa kisimani kama mbuzi wetu, na hupata mengine katika majani. Tofauti yake ni kwamba akiyapata hunywa mengi sana, na akiyakosa hayapotezi ovyo."

Mtaalamu aliyeieleza habari hii vizuri ni Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Norwei, ambaye katika miaka ya 1953 na 1954 alikaa Béni Abbès, katika Sahara ya Algeria, akiwapima ngamia. Aliyoyaona yeye, na waliyoyaongeza wengine baada yake, yaweza kuelezwa mtoto kwa maneno mepesi.

Jambo la kwanza ni joto la mwili. Sisi wanadamu mwili wetu hukaa karibu na digrii 37, na ukipanda digrii 2 au 3 twaitwa wagonjwa. Ngamia aliyekosa maji huliacha joto lake lishuke hadi kiasi cha digrii 34 alfajiri, kisha hulivumilia likipanda polepole hadi digrii 40 na zaidi alasiri. Mchana kutwa hulimbikiza joto mwilini badala ya kulitoa kwa jasho, na usiku hulitoa bure kwa hewa ya baridi. Kwa ngamia mwenye uzito wa kilo 500, hila hii humwokolea kama lita 5 za maji kwa siku. Ngamia anyweshwaye vizuri halibadilishi joto lake kwa kiasi hicho, kwa maana hana haja.

Jambo la pili ni manyoya. Mtoto atadhani kwamba manyoya humzidishia ngamia joto. Kinyume chake ndiyo kweli: ngamia aliyenyolewa alipoteza maji zaidi kwa kiasi cha nusu kuliko mwenye manyoya yake. Manyoya ni dari baina ya ngozi na jua, kama paa la makuti baina ya watu na mchana.

Jambo la tatu ni nundu yenyewe. Mafuta ni akiba ya chakula kwa siku za njaa. Lakini kwa nini yakae mahali pamoja? Kwa sababu mafuta yakitandazwa chini ya ngozi mwili mzima, yatauzuia mwili usitoe joto, kama mtu aliyevaa koti zito mchana. Yakiwekwa mgongoni, sehemu nyingine zote za mwili hubaki huru kupoa. Wako wasemao kwamba mafuta yakitumika mwilini hutoa maji. Ni kweli kwamba hutoa kidogo; lakini pumzi inayohitajika ili kuyatumia hupoteza maji, kwa hiyo hakuna faida ya kuihesabu.

Jambo la nne ni kustahimili upungufu. Mtu akipoteza kwa kiu sehemu 10 katika kila 100 za uzito wake huwa taabani. Ngamia aweza kupoteza kama 25 katika 100 na bado akatembea. Afikapo kisimani aweza kunywa lita zaidi ya 100 kwa muda wa robo saa, bila ya kudhurika na wingi wa maji yale. Chembe nyekundu za damu yake, ambazo zina umbo la yai badala ya umbo la sahani kama zetu, huweza kuvimba sana bila ya kupasuka.

Ongeza na milango mingine mitatu: mkojo wake ni mchache na mzito, kinyesi chake kikavu, na pua yake huipoza pumzi kabla haijatoka, hata sehemu ya mvuke ikabaki ndani. Sasa mtoto na ahesabu mwenyewe: milango minne, na yote ina komeo.

SOMO LA TATU: WALIMU WALIOPO SOKONI

Si kila mtoto atakayefika Mkuru. Lakini siku ya soko hapo Ngaramtoni walimu wawili huja wenyewe, nao ni punda na kondoo.

Punda abebaye madumu ya maji na magunia ya mahindi ni mzaliwa wa nchi kavu. Asili ya jamii yake ni punda-mwitu wa pembe ya Afrika, katika nchi za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Kwa kustahimili kiu yeye ni ndugu wa ngamia: aweza kupoteza hata 30 katika 100 za uzito wake, kisha akapewa maji na kurejesha karibu yote kwa dakika chache tu. Hata hivyo punda hana hazina ya joto kama ya ngamia. Hutoa jasho, na kwa hiyo huhitaji maji mara nyingi zaidi. Mwonyeshe mtoto tofauti hiyo, kwa maana tutairudia mbele.

Kondoo wa asili wa Kimasai, mwenye manyoya mafupi, mwonyeshe mtoto mkia wake na makalio yake. Unene ule ni mafuta. Muulize: "Nundu ya kondoo iko wapi?" Akicheka na kuonyesha mkia, ujue amefahamu. Sheria ya ngamia na sheria ya kondoo ni moja: akiba ya mafuta iwekwe mahali pamoja, mwili uliobaki upate kupoa.

SOMO LA NNE: WASIOKWENDA KISIMANI

Katika vichaka vya Longido na nyika zinazoelekea Ziwa Natron wako wanyama ambao waweza kuishi muda mrefu bila ya kunywa kabisa. Watatu watatosha.

Wa kwanza ni digidigi, paa mdogo asiyezidi kilo chache, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Pua ile si pambo. Ndani yake mna ngozi laini yenye damu nyingi. Hewa ipitapo huipoza damu, na pumzi itokapo huacha unyevu wake humo. Mtaalamu wa Kenya, Geoffrey Maloiy, aliyeandika juu ya digidigi mwaka 1973, alieleza jinsi mnyama huyu mdogo anavyoubana mkojo na kinyesi chake hata maji yasiyo na faida yakawa machache mno. Maji yake huyapata katika majani mabichi, machipukizi na umande.

Wa pili ni swala twiga, mwenye shingo ndefu na miguu myembamba. Yeye husimama kwa miguu miwili ya nyuma, kama mtu anayechuma embe, akafikia majani ambayo swala wengine hawayafikii. Wakati nyasi zimekauka, majani ya juu ya miti yenye mizizi mirefu bado yana maji. Kwa hiyo swala twiga hunywa kisima cha mti: mzizi huchota, jani huhifadhi, naye hula.

Wa tatu ni choroa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyoka. Katika miaka ya 1960 mtaalamu C. Richard Taylor alimchungua huko Muguga, karibu na Nairobi. Aliona kwamba choroa aliyenyimwa maji aweza kuliacha joto la mwili lipande hadi digrii 45 kwa saa kadhaa, joto ambalo lingemwua mwanadamu. Ubongo wake husalimika kwa sababu damu iendayo kichwani hupita kwanza katika wavu wa mishipa midogo, uliozungukwa na damu iliyokwisha poa puani. Waliopima wanyama walio huru porini baadaye wameona kwamba aghalabu joto halifiki mbali hivyo, kwani mnyama huanza kwa kutafuta kivuli. Hili nalo ni funzo: hila za mwili hufuata baada ya hila za mwenendo.

Taylor aliona jambo jingine la ajabu. Kiko kichaka ambacho majani yake mchana huwa makavu hata yakavunjika mkononi. Lakini usiku, hewa ipoapo na kuwa na unyevu, majani yale hunyonya maji kutoka hewani hata yakawa zaidi ya robo ya uzito wake. Mnyama alaye kichaka hicho mchana hula makuti; alaye usiku hula na kunywa pamoja. Jambo hili mtoto aweza kulipima. Aweke biskuti au karatasi ngumu nje wakati wa jua kali, na nyingine nje usiku wa baridi, kisha azikunje. Moja itavunjika, nyingine italegea.

Wako pia wanaoshinda nyika kwa kuikwepa. Kobe hujificha chini ya mawe na vichaka, na fuko huishi ndani ya ardhi. Mwambie mtoto aguse udongo mkavu saa sita mchana, kisha achimbe kiasi cha mkono mzima na kugusa chini. Mkono wake utamjibu. Wengine, kama nyumbu na punda milia, hufuata mvua kwa miguu. Na wengine huyaleta maji nyumbani. Ndege aitwaye firigogo hutaga mayai ardhini, mbali na maji. Dume huruka asubuhi hadi kwenye dimbwi, akalowesha manyoya ya tumbo lake, ambayo hushika maji kama sponji, kisha akaruka kilometa nyingi kurudi kwa makinda wake, nao hunywa kwa kuyafyonza manyoya yale. Watu wengi waliiona habari hii kuwa ni hadithi hata Tom Cade na Gordon Maclean walipoithibitisha mwaka 1967 kwa firigogo wa Kalahari. Twadhani hakuna baba asiyependa kumsimulia mwanawe habari ya ndege huyu.

Basi njia ni tatu, na mtoto azishike kwa vidole vitatu: kustahimili, kukwepa, kuhama.

MAMBO MAWILI YA KUJIHADHARI

Hapa mzazi na aangalie mambo mawili, kwa maana ndipo wengi wanapoteleza.

La kwanza ni lugha. Tusimwambie mtoto kwamba digidigi "aliamua" kuwa na pua ndefu, wala kwamba ngamia "alijifunza" kuvumilia. Hakuna mnyama ajichaguliaye umbo lake. Katika kila kizazi watoto huzaliwa na tofauti ndogo ndogo, huyu ana pua bora kidogo, yule ana mkojo mzito kidogo. Mwaka wa ukame ujapo, mwenye tofauti ya kumfaa hubaki na kuzaa, naye huwarithisha watoto wake. Asiye nayo huondoka. Vizazi vikipita kwa maelfu, jamii nzima huwa na umbo lile tulionalo. Sisi tuaminio kwamba viumbe vina Muumba hatupungukiwi na kitu kwa kuijua njia hiyo. Bali hekima yake huzidi kutudhihirikia kila tunapoifahamu kazi yake. Mtenge mtoto mambo mawili: yale ambayo mnyama amezaliwa nayo, na yale ambayo huyafanya, kama kulala kivulini au kulisha usiku.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto asikiapo kwamba punda huvumilia kiu, aweza kufahamu kwamba punda hahitaji maji. Akikua atakuwa mwenye punda. Atamfunga juani kutwa nzima siku ya soko, na akiambiwa amnyweshe atajibu, "Huyu ni punda, amezoea." Tumewaona wanaosema hivyo, nao ni watu wazima wenye huruma kwa watoto wao; kosa lao ni kwamba walifundishwa nusu ya somo.

Nusu ya pili ni hii: kustahimili si kutohitaji. Yule punda aliyepoteza 30 katika 100 za uzito wake haishi kwa uvumilivu huo; anaishi kwa maji atakayoyanywa baadaye. Uvumilivu ni daraja baina ya kisima na kisima, na daraja likikosa ukingo wa pili si daraja tena. Mnyama anayepungukiwa na maji hula kidogo, hukonda, na mzigo ule ule humwumiza zaidi. Kwa kuwa halii wala hahemi kama mbwa, mwenyewe hudhani yu salama.

Ukame uliofika kilele chake mwaka 2009 ulitufundisha sote. Ng'ombe walikufa kwa maelfu katika Longido, Monduli na Ngorongoro. Ng'ambo ya mpaka, katika Amboseli, nyumbu na punda milia, wanyama wa porini waliozaliwa humo, walikufa kwa maelfu pia. Mvua ziliposhindwa tena, misimu kadhaa mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania na Kenya walirudia kuhesabu mizoga. Ngamia walistahimili kuliko ng'ombe, lakini nao walikufa huko ambako majani yenyewe yalikwisha. Hakuna kiumbe aliyeumbwa kuishi bila ya maji. Wako walioumbwa kuishi na machache, na machache nayo yakiisha huisha nao.

Punda wetu wana msiba mwingine pia. Kwa miaka mingi walichinjwa kwa wingi katika Afrika ili ngozi zao ziuzwe nchi za mbali kutengenezewa dawa, hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, wakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Mwanamke wa Longido au wa Oldonyo Sambu akipoteza punda wake, maji ya nyumba hurudi mgongoni mwake mwenyewe. Kwa hiyo kumtunza punda si huruma peke yake, ni kutunza mgongo wa mama.

NAMNA YA KULIPANGA SOMO

Haifai kuyamwaga yote haya kwa mtoto kwa siku moja. Twashauri jioni nne. Jioni ya kwanza iwe ya kitambaa kilicholowa, kioo na mkono uliopuliziwa. Jioni ya pili iwe ya ngamia, na mtoto achore picha yake, aandike "mafuta" juu ya nundu. Ya tatu iwe baada ya soko, akishawaona punda na kondoo. Ya nne iwe ya wanyama wa porini, na wakubwa waliopata kusafiri hadi Longido au Namanga wasimulie waliyoyaona. Kila jioni mtoto aulize maswali matatu, na lile ambalo mzazi halijui liandikwe, likaulizwe kwa mwalimu. Mzazi akisema "Hili nitaliuliza" haaibiki. Humfundisha mwanawe kwamba elimu hutafutwa.

Kisha somo lipewe mikono. Mtoto wa miaka saba aweza kukabidhiwa kazi moja: kujaza chombo cha maji cha mbuzi, kuku au punda wa nyumbani, asubuhi na alasiri, na kukisogeza kivulini. Siku ya soko achukue dumu dogo kwa ajili ya mnyama aliyebeba mzigo wao. Dini yetu imekwisha tufundisha ujira wa mtu amnyweshaye mnyama mwenye kiu, hata akiwa mbwa; na elimu ya viumbe yatufundisha kwa nini mnyama huyo alikuwa na kiu. Nyumba iliyoyajua yote mawili itamlea mtoto atakayejua kuwa kunyamaza kwa mnyama si dalili ya kutosheka, naye atanyanyua dumu kabla hajaambiwa.